Ushauri ni Amana: Mfanyakazi na Mwajiri Anayedidimia

Pendekezo, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni neno la mtu anayekijua kitu kwa kukiishi, analomwambia asiyekijua kwamba kinamfaa. Katika maisha ya kazi hutokea pale ndugu au jirani anapomuuliza mfanyakazi iwapo mahali pake pa kazi panafaa kuombwa kazi, na jibu lake huaminiwa kuliko tangazo lolote. Methali ya Waswahili kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza inadokeza kuwa mwajiri anayestawi hahitaji sana ushahidi huo. Swali huwa zito pale mwajiri anapodidimia, mishahara inapochelewa na wenye ujuzi wanapoondoka, ilhali aliyebaki angali anaulizwa.

Wataalamu wa biashara wamelifanya swali hili kuwa kipimo. Mwaka 2003 Fred Reichheld, Mmarekani, alishauri wateja waulizwe, kwa mizani ya 0 hadi 10, kwa kiasi gani wangeipendekeza kampuni kwa rafiki, kisha asilimia ya waliojibu 0 hadi 6 itolewe katika asilimia ya waliojibu 9 au 10. Baadaye waajiri wengi wakawauliza wafanyakazi wao swali hilohilo. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hupima tu mapenzi ya anayejibu kwa mwajiri wake, na yule rafiki anayetajwa ndani yake hubaki jina tupu. Falsafa ya maadili, yaani elimu inayochunguza yapasayo kutendwa na sababu zake, haina budi kuanza na huyo rafiki, kwa kuwa ndiye atakayeacha shamba, shule au kazi nyingine kwa kuliamini neno aliloambiwa.

Kisiwa cha Nkombo, kilichoko kusini mwa Ziwa Kivu katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kinaliweka swali hili katika umbo linaloonekana. Wakazi wake, ambao pamoja na Kinyarwanda huzungumza Amashi, wamefungamana kwa undugu na biashara na watu wa Bukavu, ng'ambo ya maji, na wengi wao hutegemea uvuvi wa sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, huwasha taa ili samaki wakusanyike juu ya wavu, nao hutarajia zaidi usiku wa giza kuliko wa mbalamwezi. Kazi hii hudidimia kwa njia mbili, ama samaki wanapopungua, ama soko linapofungwa, kama ilivyokuwa Machi 2020, mpaka wa Rwanda na Kongo ulipofungwa kwa sababu ya korona.

Katika kazi ya namna hii, anayemwita mpwa wake chomboni hupanda naye usiku uleule, juu ya maji yaleyale, na pale ambapo malipo ni fungu la kilichovuliwa, kila mkono unaoongezwa huenda ukapunguza mafungu ya walioutangulia. Pendekezo lake basi lina gharama, na gharama hiyo ndiyo inayolipa uzito. Mfanyakazi wa mshahara, kinyume chake, anaweza kusifu mahali ambapo moyo wake umekwisha pahama, pasipo kupoteza chochote iwapo aliyemwamini ataumia. Tofauti kati ya ushahidi na sifa tupu imo humu: shahidi hushiriki hatari ya neno lake, msifiaji huiacha kwa msikilizaji.

Dini mbili kubwa za Afrika Mashariki zimelitambua jambo hili tangu zamani. Katika Uislamu, anayeombwa ushauri huhesabiwa kuwa amebeba amana, yaani kitu cha mwingine alichokabidhiwa akitunze. Hadithi ya Fatima binti Qays inasimulia jinsi alivyomtaka Mtume ushauri kuhusu wanaume wawili waliomposa, naye akamweleza waziwazi kasoro ya kila mmoja kabla ya kumwelekeza kwa mwingine. Ndiyo maana Imamu Nawawi aliihesabu nasaha ya aina hii miongoni mwa hali ambazo kutaja aibu ya mtu si usengenyaji. Katika Ukristo, Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni kumtetea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, hakuishia kumsifu, bali aliahidi kulilipa yeye mwenyewe deni lolote la Onesimo. Mafundisho ya kwanza yanadai ukweli wote, ya pili yanadai dhamana, yaani utayari wa kubeba hasara ya neno lililotolewa.

Ukosefu wa mambo hayo mawili unaonekana katika historia ya Katanga, nchini Kongo. Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo baada ya kutaifishwa iliitwa Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, hospitali, shule na posho ya unga, hata wakaiita baba yao na mama yao. Lakini mzazi hapendekezwi wala hapimwi. Mtoto huzaliwa kwake tu, na hivyo kijana kumfuata baba yake kazini kukawa kama urithi usioulizwa. Uzalishaji wa shaba, uliofikia takriban tani 476,000 mwaka 1986, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 2003, na mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 10,000 ambao hawakuwa wamelipwa mishahara kwa miezi mingi waliagwa katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Uaminifu wao haukuwa kosa. Kilichokosekana ni nafasi ya kusema mapema, ndani ya nyumba hiyo, kwamba nyumba inabomoka.

Huenda mtu akapinga kwamba anayemweleza mgeni kasoro za mwajiri wake huharakisha anguko, kwa kuwa chombo cha kuzama hakina usukani na kila anayekikimbia hukipunguzia wa kukiokoa. Pingamizi hili lina nguvu, na mwanauchumi Albert Hirschman alilishughulikia katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, baada ya kuziona reli za Nigeria zikidhoofika mbele ya malori. Alionyesha kuwa wateja ambao wangepaza sauti walihamia kwenye malori, na reli ikabaki bila wa kuionya. Uaminifu, kwa maelezo yake, humzuia mtu kutoka upesi ili sauti yake ipate muda wa kufanya kazi. Kwa hiyo deni la mfanyakazi kwa mwajiri hulipwa kwa sauti, wala halilipwi kwa kumwingiza mtu wa tatu gizani.

Hivyo mfanyakazi aweza kumpendekeza hata mwajiri anayedidimia, mradi aseme anayoyajua pamoja na yanayouma, awe tayari kubeba sehemu ya hasara ya anayemwita, na awe amekwisha mwambia mwajiri yaleyale. Asiyeweza kuyatimiza hayo na anyamaze, au aseme hapana.

Kwa mvuvi wa Nkombo sharti la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa sababu ziwa halisikii malalamiko, na sauti yake haina pa kuelekea isipokuwa kwa wavuvi wenzake. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Kivu husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane, na katika muda huo nyumba nyingi hupungukiwa. Njaa hiyo, ikipokewa kwa hiari na bila nyavu za kuibia usiku, ndiyo haki aliyonayo mvuvi ya kumwambia mwanawe kwamba kazi hii bado inafaa.