Jua Hali ya Ghala Lako

Ndugu zangu wakulima wa Kongwa na Kiteto, mama zangu mnaosaga na kufungasha unga, somo letu ni Mithali 27:23. Hapo Sulemani anamwagiza mwenye mifugo ajitahidi kuyajua makundi yake. Hakumwambia akisie. Hakumwambia asubiri kusimuliwa na mnunuzi. Alimwambia ajue!

Je, wewe wajua? Gunia ulilouza msimu uliopita lilikuwa na kilo ngapi? Sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100, lakini lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, bado zinapakiwa, nawe unalipwa gunia moja kwa jasho la gunia na nusu. Mizani ya kidijitali itakusemea mbele ya dalali. Inunueni kwa pamoja! Changeni kama mnavyochangia harusi.

Mahindi yako yana unyevu kiasi gani? Mwaka 2016, katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu, watoto wakiwemo. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukungu unaoizalisha hustawi kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Kipima unyevu cha mkononi hakioni sumu iliyokwisha kuingia, ila kinakuonya kabla hujafunga gunia. Kikisoma zaidi ya asilimia 13, anika tena, juu ya turubai, si juu ya udongo. Mama mwenye mashine, pima kabla ya kupokea. Unga wako unaliwa na mtoto usiyemjua, na Mungu anamjua.

Najua utasema, "Mimi nina simu ya kitochi tu." Kwa kitochi hicho hicho unapokea pesa. Kinapokea pia ujumbe wa bei na wa mvua, na kinapiga hesabu. Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuchagua mbegu. Andika ulichopanda, mbolea uliyotia na magunia uliyovuna, mwaka hata mwaka. Hesabu hizo ndizo zitakazokuonyesha kipande cha shamba kinachochoka, ukipumzishe na kukirutubisha badala ya kukimbilia kufyeka msitu. Ardhi hii wajukuu nao wataihitaji.

Wala siwaambii mtumaini mashine. Kuotesha ni kazi ya Mungu. Kuhesabu ametuachia sisi. Tunapokataa kuhesabu, tunaacha baraka yake ioze ghalani, kisha tunamlilia atupe nyingine!

Basi, kabla ya mavuno haya, kila kikundi kiwe na mizani, kipima unyevu na mwandishi wa ghala. Kijana wenu aliyemaliza kidato cha nne, mnayemlaumu kwa kushinda kwenye simu, mpeni kazi hiyo na mumlipe. Awasomee hesabu hadharani kila mwezi, mkulima na msagaji wakiwa wameketi pamoja. Mkutane wiki hii, mchange, muanze. Amina.