Bei ya Bunduki na Haki ya Mnyama

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii ina ukweli mwingi, nami nimeitumia mara kadhaa kuwajibu watu wanaolaumu zana badala ya mikono yao. Lakini ipo zana moja ambayo methali hii haiitoshi, nayo ni bunduki ya kuwindia. Jembe baya humchosha anayelishika, wala udongo hauna malalamiko. Bunduki mbaya, au bunduki njema katika mikono isiyojizoeza, humuumiza yule ambaye hakuwapo dukani siku ya mapatano.

Ninaishi katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako mwishoni mwa Novemba watu wa kila hali huingia msituni kuwinda kulungu. Huyu si yule kulungu wa kwetu. Ni mkubwa zaidi, na mkia wake ni mweupe kwa chini, huuinua juu anapokimbia. Baadhi ya watu wetu waliohamia huku nao wameanza kuwinda, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu mnyama mmoja huilisha familia kwa muda mrefu. Vijana wao huja kwangu na swali moja: “Mzee, ninunue bunduki gani isiyo ghali?” Swali hili linaonekana kuwa la sokoni. Mimi naliona kuwa la maadili.

Bunduki wanayoiulizia ni ile ya kukoki kwa mkono. Unainua kipini cha komeo na kulivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Unalisukuma mbele, risasi mpya inaingia. Unakishusha kipini, basi imefungwa. Mfumo huu ni wa zamani. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ndiyo mama wa nyingi zilizofuata. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ilitoa Model 110, iliyobuniwa makusudi iwe nafuu kutengeneza, na viwanda vingine navyo vikaja na za kwao. Siku hizi bunduki nafuu ya aina hii hupatikana kwa dola 400 hadi 600, na ile ya fahari yaweza kuuzwa dola 2,000 au zaidi.

Unafuu huo umetoka wapi? Aghalabu umetoka kwenye mapambo. Kitako ni cha plastiki badala ya mbao nzuri, chuma hakikung'arishwa, na komeo hukwaruza kidogo unapolivuta. Mtutu, ambao hasa ndio unaoielekeza risasi, bado ni mzuri, kwa kuwa mashine za kisasa huweza kutengeneza mitutu mizuri kwa wingi. Ukiilaza bunduki ya namna hii juu ya mfuko wa mchanga, mara nyingi itapiga risasi tatu ndani ya duara la sentimita 4 hivi kwa umbali wa mita 100. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hivi. Kwa hiyo bunduki nafuu inatosha, tena inabakiza.

Yamkini msomaji atasema kwamba methali imeshinda. Imeshinda kwa upande wa mfuko tu. Zile sentimita zilizobaki ni za mwindaji, naye huzitumia haraka: pumzi zinamwenda mbio, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, moyo unadunda, bega linaogopa teke la bunduki. Msituni hakuna mfuko wa mchanga. Risasi ikipiga tumbo au mguu, mnyama hukimbia na maumivu yake, na huenda akateseka kwa saa nyingi kabla ya kufa. Katika ununuzi wa bunduki, wawili huafikiana bei, na wa tatu ndiye hulipa pale mambo yanapoharibika. Huyo wa tatu hakuulizwa.

Ndiyo maana huwaambia vijana kwamba fedha waliyookoa dukani si yao yote. Sehemu yake ni deni. Kwanza walipie darubini ya kuaminika na vishikizo vyake, maana darubini iliyolegea huifanya hata bunduki ya fahari iseme uongo. Pili wanunue risasi za mazoezi. Risasi za .308 zinapatikana kwa urahisi na zinamtosha kulungu. Anayechukua kubwa zaidi kwa ajili ya sifa hupata teke linalolifundisha jicho kufumba. Tatu watoe muda: wapige wakiwa wamekaa, wamepiga goti, wameegemea mti, mpaka kila mmoja aujue umbali ambao hakosi. Ikiwa ni mita 80, basi 80 ndiyo ahadi yake. Kulungu akisimama mita 150, amwache aende.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia, “Mzee, kwa masharti hayo maskini hatawinda.” Neno lake ni zito, kwa sababu anayefanya kazi zamu mbili hana fedha wala muda. Nilimjibu kwamba maskini anayo haki sawa na tajiri ya kuwinda, ila asogee karibu zaidi. Umaskini waweza kuupunguza umbali, wajibu hauupunguzi. Na mwenye bunduki ya dola 2,000 anayejaribu mita 400 kwa bahati nasibu yuko chini ya sheria hiyo hiyo.

Hata hivyo, ustadi nao haumalizi jambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell aliwinda tembo huko Karamoja, Uganda, na kwingineko Afrika. Aliua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, wakati ambapo wengi waliamini kuwa tembo hutaka bunduki kubwa. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi. Ustadi huo siwezi kuukana. Lakini Bell alifuata pembe, na kufa haraka hakukupunguza idadi ya waliokufa. Ustadi hujibu swali la namna ya kuua. Swali la wangapi, na kwa sababu gani, hubaki palepale.

Basi, ndugu msomaji, nunua bunduki nafuu bila haya. Winda mnyama utakayemla, wala usimtupe hata kidogo kwa uvivu. Na siku ile, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, moyo ukikuambia “pengine itampata”, kiondoe kidole.