Ukungu wa San Andreas

Kijana wa marehemu kaka yangu alicheka mpaka akaweka pedi chini. Tulikuwa sebuleni kwangu, Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, Jumamosi jioni. Kwenye TV kulikuwa na San Andreas, gemu ambalo nimekuwa nikimsimulia tangu akiwa mdogo. Alikuwa ameiba ndege humo ndani ya gemu, akapaa, na kutoka juu akaiona dunia yote kwa mkupuo: Los Santos hapa, mlima Chiliad pale nyuma yake tu, Las Venturas kule, vyote vimebanana kama meza za sokoni, na bahari imezunguka pande zote.

"Bamdogo, ndo hii?" akaniuliza. "Mbona kadogo hivi? Si ulisema baba alikuwa anaendesha gari mpaka anachoka, hafiki mwisho?"

Nilisema kweli. Na sikumdanganya. Mwaka 2007, kwenye kibanda cha kaka kule Katoro, mkoa wa sasa wa Geita, ile nchi haikuwa na mwisho. Ungetoka mjini, barabara ikaingia mashambani, mbele kukawa na ukungu, na ndani ya ukungu mlima ukajitokeza polepole kama mtu anayekuja kukusalimia. Tulikuwa vijana saba au wanane kwenye benchi moja, jenereta inanguruma nje, macho yote kwenye TV ya chogo ya inchi 21. Aliyeshika pedi alikuwa amelipia nusu saa yake. Sisi wengine tulisafiri bure.

Sasa huyu kijana anacheza toleo jipya, lililotengenezwa upya kwa mashine za kisasa. Diski ya zamani ya baba yake ninayo bado, ila PS4 haisomi diski za PS2, kwa hiyo nilimnunulia hili la mtumba. Tuliliweka kama lilivyokuja kwenye diski, bila kuunganisha intaneti, maana bando lenyewe mnalijua. Na kwenye diski ile, ukungu haupo.

Naomba nieleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kushika pedi, halafu nitafika kwenye jambo linalonisumbua.

PS2 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na nyingine 4 za kuchorea picha. Hata simu ya bei rahisi kabisa ya kupangusa leo ina mara nyingi ya hapo. San Andreas, iliyotoka 2004, ililazimika kusomwa kutoka kwenye diski huku unaendesha: kilicho mbele kinapakiwa, ulichokipita kinafutwa. Mashine haikuwa na uwezo wa kuchora mji na mlima na jangwa kwa pamoja. Waundaji wakafanya jambo la akili sana. Wakaweka ukungu. Los Santos wakaifunika kwa hewa nzito ya rangi ya machungwa, ukaona joto na vumbi la mji mkubwa, usijue kwamba nyuma ya hewa ile hakuna kitu kilichochorwa bado. TV za chogo nazo zilisaidia, kwa sababu picha yake ililainisha kingo na kuchanganya rangi. Uso wa mtu uliochorwa kwa vipande vichache ukaonekana uso.

Novemba 2021 likaja toleo jipya. Picha safi, kingo kali, unaona mbali. Na kwa kuona mbali, ukaona kwamba nchi yenyewe ni kisiwa kidogo. Mvua ikawa mistari meupe inayoziba barabara. Halafu kuna hili, ambalo mimi limenikaa kichwani kuliko yote: maandishi ya kwenye mabango ya maduka, ambayo zamani yalikuwa na ukungu-ukungu usiyasome, yalipitishwa kwenye programu ya kuyasafisha. Programu ikakutana na herufi isizoweza kuzisoma, ikakisia. Mabango mengine yakatoka safi kabisa, yana makosa ya tahajia. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na Rockstar, wenye gemu, wakaomba radhi hadharani mwezi huohuo. Masasisho yaliyofuata yakarudisha ukungu, na lile la Novemba 2024 likaongeza chaguo kwenye mipangilio la kurudisha mwanga na anga ya zamani.

Basi, jioni ile nilimweleza kijana haya yote kwa mkazo, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Nikamwambia kwamba kuondoa ukungu si kuona ukweli wa San Andreas. Ukungu ulikuwa sehemu ya ile nchi, kama ukuta ulivyo sehemu ya nyumba. Anayeipaa leo na kusema "kumbe kadogo" haoni walichokitengeneza, anaona megabaiti 32. Huwezi kukihukumu kitu cha kale kwa kioo ambacho hakikuwepo kilipotengenezwa.

Akanisikiliza, halafu akasema, "Sawa. Lakini udogo ulikuwepo, bamdogo. Si nyie tu mlikuwa hamuuoni?"

Nilinyamaza. Siyo kwa sababu ya gemu.

Huyu kijana ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita mwaka huu, na wiki mbili kabla ya jioni ile alikuwa ameniambia kwamba marafiki zake wamesikia kuna rashi mpya upande wa Geita, na yeye anataka kwenda kujaribu duarani. "Baba si alianzia hivyohivyo?" alisema. Baba yake alifariki mwaka 2011, duara lilipotitia wakati wa mvua, yeye akiwa na miaka mitano. Anachokijua kuhusu baba yake ni kile tulichompa sisi, mimi na bibi yake. Na tulichompa ni hiki: baba yako alikuwa mpambanaji, aliingia chini akiwa hana kitu, akapata dhahabu kwa jasho lake, akafungua kibanda cha PS cha kwanza mtaani kwao, akamwezekea mama yake nyumba ya bati.

Kila kitu humo ni kweli. Ukungu nao, kwenye PS2, ulikuwa kweli.

Tusichomwambia ni kwamba kaka alikuwa na wenzake wawili kwenye lile duara. Walichimba pamoja karibu mwaka mzima, wakila ugali wa sahani moja, kwa makubaliano kwamba mawe yakipatikana watagawana viroba sawasawa, baada ya mafungu ya mwenye duara na mwenye eneo. Duara likatema. Na usiku mmoja kaka akavusha viroba vya mafungu yote matatu, akavipeleka karasha ya mbali ambako hawafahamiki, akasaga, akauza, akahama. Jenereta, TV ya chogo, PS2 mbili, benchi la sisi vijana saba au wanane, vilitoka humo.

Najua kwa sababu nilikuwepo. Likizo moja nilikuwa nakusanya hela za wachezaji pale kibandani, mmoja wa wale wenzake akaja. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akatazama TV muda mrefu, kama mteja anayesubiri zamu, kisha akamwambia kaka, "Umependeza, ndugu yangu." Akaondoka. Alirudi hivyo mara tatu ninazozijua. Baadaye vibanda vikawa vingi, wateja wakapungua, jenereta ikafa, kaka akarudi chini ya ardhi. Mengine mnayajua.

Kwa hiyo lile swali la kijana halikuwa swali la gemu, hata kama yeye hakujua. Je, tuwaache marehemu na ukungu wao?

Nilikuwa na jibu tayari, kwa sababu nimelitumia miaka 14. Jibu lenyewe ni lilelile nililompa kuhusu megabaiti 32. Usimhukumu mtu kwa mwanga usiokuwepo alipokuwa anaishi. Kaka alikuwa na miaka 24, darasa la saba, mama mjane, mdogo wake shuleni. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, kwa maana ya mashine: nafasi ya kuweka vitu vyote kichwani kwa wakati mmoja, njaa ya nyumbani na haki ya mwenzako, hakuwa nayo. Kilichokuwa mbele kilipakiwa, cha nyuma kikafutwa. Mimi ninayemtazama leo kutoka juu, nimeshiba, nina mshahara wa serikali, ni rahisi kuona kisiwa chote na kusema "kumbe kadogo".

Bado naamini jibu hilo lina haki ndani yake. Lakini lina shimo, na kijana aliliona kabla yangu. Wale waundaji wa 2004 waliweka ukungu kwa sababu mashine ilishindwa. Mimi mashine yangu haijashindwa. Naweza kuchora mlima na mji pamoja. Nimechagua kutochora. Na ukungu wa gemu haujawahi kumuua mtu, lakini huu wangu una kijana anayetaka kuuingia na sururu, akiamini kwamba ndani yake kuna njia iliyonyooka kutoka jasho mpaka bati.

Upande wa pili pia unanitisha. Ningeweza kufanya kama lile toleo jipya: kufuta ukungu wote kwa mkono mmoja, "baba yako alikuwa mwizi," basi. Picha safi, kingo kali. Lakini hapo nakumbuka yale mabango. Mengi kuhusu kaka sikuyasoma hata wakati ule. Sijui kama alikusudia kuwalipa baadaye. Sijui waliambiana nini yule mtu alipokuja mara ya mwisho, maana nilitumwa dukani. Nikianza kusafisha herufi nisizozijua, nitakisia, na kisio langu litatoka limeandikwa safi, na kijana atalisoma maisha yake yote kama ukweli.

Nilichokiona, baada ya siku kadhaa za kukosa usingizi, ni kwamba kosa lenyewe si ukungu. Kosa ni nani anashika kitufe. Walioondoa ukungu bila kuuliza waliwakosea wachezaji, na waliporudisha mwanga wa zamani kama chaguo, mchezaji achague mwenyewe kwenye mipangilio, lawama ile angalau ilipata jibu. Mimi nimeshika kitufe cha mtu mwingine kwa miaka 14. Nimemwamulia mtu mzima amwone baba yake kwa mwanga gani, na nimeuita uamuzi huo heshima kwa marehemu.

Basi Jumapili moja nikamwita tukakaa nje chini ya mwembe, nikamwambia. Nilijitahidi kutenganisha: hili nililiona, hili nililisikia, hili silijui. Nikamweleza na njaa ya miaka ile, siyo kama utetezi, kama sehemu ya ramani. Hakulia, hakukasirika. Alivunja kijiti vipande vipande, halafu akaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayehesabu.

"PS2 ilitoka humo?"

"Ndiyo."

"Bati za bibi?"

"Na bati za bibi."

"Na ada yako, bamdogo? Si baba ndo alikusomesha?"

Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Kidato cha tatu na cha nne, mkoba, magodoro ya bweni, nauli ya kwenda na kurudi. Ualimu wangu. Hii sebule yenye TV bapa na PS4 ya mtumba.

"Na ada yangu," nikasema.

Hapo ndipo nilipoelewa ukungu ulikuwa unamfunika nani. Tunasema tunawasitiri marehemu, na marehemu hawana tena cha kusitiriwa, wako mbele ya Mungu aliyeona viroba vyote. Anayebaki na nguo ya kuvuliwa ni msimuliaji. Ukitaka kujua kama ukungu wa hadithi unayoisimulia ni rehema au ni woga, pima nani atabaki uchi ukiondoka. Mimi nilipopima, nilikuwa nimekaa humo katikati.

Kijana bado hajaniambia kama atakwenda Geita. Nimemwomba asiende, na nimejizuia kumkataza. Bando lilipopatikana tukapakua masasisho, na siku hizi anacheza mwanga wa zamani ukiwa umewashwa. Mara nyingine anauzima, anapaa na ndege, anakitazama kisiwa chote kimya kimya, halafu anauwasha tena na kushuka chini kuendesha. Simwulizi anawaza nini.

Ila kuna kitu alisema siku ile chini ya mwembe, kabla ya kunyanyuka: "Dawa ya deni kulipa." Alikisema kama msemo tu, mnavyousikia kila siku madukani. Namba ya simu ya yule aliyekuwa anasimama mlangoni nimeipata wiki iliyopita, kupitia mtu wa Katoro. Yu hai, ana duka la vyakula. Namba ninayo. Sijapiga bado.