Radi Ilitumwa na Nani?

Kiswahili kina neno moja, umeme, kwa vitu viwili: ule wa mawinguni na ule tunaonunua kwa tokeni za Luku. Sikuwahi kulifikiria jambo hili mpaka masika moja, pale umeme wa kwanza ulipoingia kwenye nyaya za ule wa pili, nyumbani kwa mama yangu, milimani juu ya mji wa Lushoto.

Ilikuwa jioni. Mama alikwishafunika kioo cha kabati kwa khanga na kuvua sweta lake jekundu, kama alivyofundishwa na bibi. Radi ikapiga mgrivea uliokuwa kando ya nguzo ya umeme, ukachanika toka kileleni hadi shinani. Nyumba ya jirani haikuguswa. Kwetu balbu mbili zilipasuka, na hita ya maji ikafa. Ndugu zangu wa Tanga mjini watauliza, hita ya nini? Waje Lushoto mwezi wa Julai, kama mita 1,400 juu ya bahari, waoge maji ya bomba alfajiri, halafu tuzungumze. Hita ile niliinunua mimi, kwa ajili ya magoti ya mama.

Kesho yake shangazi na mjomba wakaja kutoa pole. Pole ikageuka kikao. Kwa nini kwetu, kwa nini si kwa jirani? Na jirani mwenyewe, mzee mmoja mpole, ana ugomvi wa mpaka wa shamba na mama, na alipata kusema mbele za watu, "Mungu ataonyesha." Basi, ushahidi umetimia! Mimi, msomi wa ukoo, nikaeleza kwamba radi ni chaji za mawinguni zinazotafuta njia ya kufika ardhini, haina mtu. Shangazi akanitazama kwa huruma.

"Hatukuuliza radi ni nini, mwanangu. Tumeuliza kwa nini hapa."

Nakiri alinishinda. Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, aliandika kitabu mwaka 1937 juu ya Wazande wanaoishi mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake, Mzande anajua fika kwamba mchwa walikula nguzo. Analouliza ni kwa nini liwaangukie hawa, na saa hii. Na sisi Wasambaa hatuko mbali na hapo. Zamani za watawala wa Kilindi kule Vuga, mvua ilikuwa na mtu wa kuulizwa: mtawala ama aliiponya nchi, kuzifya shi, ama aliiharibu, kubana shi. Msomi akicheka hapo amecheka mapema mno, kwa sababu ndani ya swali la "nani" mna swali la wajibu.

Siku ya tatu nikampata fundi. Hakuwa mtu wa maneno. Alizima meni swichi, akaiangalia breka, akafungua kifuniko cha hita. Kwanza akapima elimenti: omu 26 hivi, ndivyo inavyotakiwa kwa hita ya wati 2,000. Nzima. Kisha akatoa kibao cha elektroniki, na hapo hata mimi niliona. Kidude kimoja cha duara, chenye miguu miwili, kilikuwa kimepasuka na kuwa cheusi, na njia za shaba zilizopita karibu yake zimeyeyuka. "Huyu ni mlinzi," fundi akasema. "Umeme ukizidi, anaubeba yeye. Huu ulimzidi."

Kisha akaufuata waya wa kijani na njano, wa ethi, akatoka nao nje hadi nyuma ya bafu. Waya ulikuwa umefungwa kwenye msumari, na msumari umechomekwa kwenye udongo kina cha kidole.

"Fimbo ya ethi iko wapi, kaka?"

Ndugu msomaji, nilijua iko wapi. Iko dukani. Miaka miwili nyuma, fundi aliyefunga hita aliniomba hela ya fimbo, nami nikamwambia funga tu hivyo hivyo, tutaweka mwezi ujao.

Nilimuuliza fundi, kwa matumaini ya aibu, kama fimbo ingeiokoa hita. Akasema pengine isingeiokoa. Radi iliyopiga karibu namna ile hupita njia nyingi. Ila mama angekuwa ameshika bomba? Hakumaliza. Tena hata bila radi, elimenti ikivuja siku moja, ni waya ule ndio unaotakiwa kumwokoa anayeoga. Kwa miaka miwili mama alivua sweta jekundu kila mvua iliponguruma, akaoga kwenye hita isiyo na ethi niliyomletea mimi.

Kwa hiyo tangu siku ile ghala la Wazande nalitazama vingine. Mchwa wanajulikana, na mchawi anatafutwa. Mbona haulizwi yule aliyewaona mchwa akanyamaza? Mwezi wa Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya, Uganda. Baadaye wakatokea watu nchini humo wakaanza kufunga kinga radi mashuleni. Nao waliuliza "nani", naamini, lakini nani mwenye kazi ya kufunga.

Mimi nilinyamaza siku mbili zaidi. Ilikuwa rahisi mno: mzee yupo, kesi yake ya mpaka ipo, na hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Huo ndio uovu ninaoujua kwa karibu, na haukuhitaji hirizi. Usiku wa tano nikamwambia mama. Alikaa kimya, akasema nimwambie shangazi mwenyewe.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema, "waya ni wako. Na radi je?"

Sikuwa na jibu, bado sina. Fimbo tumeifukia, na hita ina kibao kipya. Nilikwenda kwa mzee pia, nikamwamkia, nikaeleza. Aliitikia vizuri, akanikaribisha chai. Lakini akienda sokoni bado anazunguka njia ya juu, asipite mlangoni kwetu.