Stahili ya Mtoto na Pato la Mzazi

Kodi ni mzigo wa jamii nzima, na haki ya mzigo ni kupimwa kwa nguvu za mchukuzi. Mwenye watoto na asiye na watoto wakichuma sawa, hawabaki na mali sawa: mmoja hula peke yake, mwingine hugawa tonge lake. Kwa sababu hiyo nchi nyingi huwapa wazazi nafuu katika kodi. Jambo hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi huanza linapoulizwa swali la pili: ni nani astahiliye nafuu hiyo, mzazi au mtoto?

Sheria ya Marekani ni mfano wa kutosha. Nafuu ya kodi ya watoto iliwekwa huko mwaka 1997, na kwa mwaka 2025 kiasi chake ni dola 2,200 kwa kila mtoto. Mtoto sharti awe hajatimiza miaka 17 mwaka uishapo. Awe ameishi na mzazi au mlezi wake zaidi ya nusu ya mwaka. Asiwe amejikimu mwenyewe kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Tena awe na namba yake ya hifadhi ya jamii. Masharti haya humtazama mtoto.

Lakini yako mengine yasiyomtazama. Mzazi asiyedaiwa kodi ya mapato hulipwa nafuu hiyo taslimu, ila kwa kipimo: senti 15 kwa kila dola aichumayo juu ya dola 2,500, wala isizidi dola 1,700 kwa mtoto mmoja. Mama mwenye watoto watatu, aliyechuma dola 12,500 kwa mwaka, hupata dola 1,500, yaani 500 kwa kila mtoto. Asiyechuma kitu hapati kitu. Mume na mke wenye pato la dola 400,000 na watoto watatu hupata dola 6,600 kamili. Penye haja kubwa fungu ni dogo. Penye haja ndogo fungu ni kubwa.

Wako watetezi wa kipimo hiki. Husema kwamba nafuu ni kupunguziwa deni, na asiye na deni hana cha kupunguziwa. Husema pia kwamba sheria impayo asiyefanya kazi sawa na mtendaji huua bidii. Hoja ya kwanza imejibiwa na sheria yenyewe, madhali huwalipa taslimu baadhi ya wasiodaiwa. Ya pili ina uzito, kwani kazi ya mzazi ni tegemeo la nyumba. Hata hivyo, ni hoja juu ya mzazi. Mtoto wa miaka mitatu hana bidii ya kuuawa wala uvivu wa kuadhibiwa. Kumnyima yeye ili mzazi wake ahimizwe ni kumfanya fimbo ya kumpigia mtu mwingine.

Mwaka 2021 sharti la pato la chini liliondolewa kwa mwaka mmoja. Nafuu ilipandishwa hadi dola 3,600 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na dola 3,000 kwa mkubwa wake. Kwa kipimo cha umaskini kinachohesabu pia misaada ya serikali, watoto maskini walikuwa asilimia 5.2 mwaka huo. Mwaka 2022, sharti liliporudishwa na misaada mingine ya wakati wa maradhi ya korona ilipokoma, wakawa asilimia 12.4. Sababu haikuwa moja, lakini nafuu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa.

Basi sheria haina budi kuchagua. Ikiwa nafuu ni tuzo ya mzazi kwa kazi yake, na iitwe tuzo ya kazi, isiombewe radhi kwa jina la watoto. Ikiwa ni stahili ya mtoto, na ipimwe kwa haja ya mtoto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mzigo wa mtoto huonekana mwepesi kuliko yote, kwa kuwa aubebaye hana sauti katika baraza linalotunga sheria.