Kibubu Chini ya Kitanda



Mpendwa kijana mwenzangu, leo tuongelee hela. Sio ya sadaka, usiogope. Naongelea ile tunayoiweka pembeni huku tukisema, "Ikifika kiasi fulani, nitakuwa na furaha."

Mimi nilikuwa na kibubu. Nilitaka kununua cherehani yangu, niache kushona kwenye fremu ya mtu. Kila jioni naweka elfu mbili. Chipsi niliacha, soda niliacha, daladala nikapanda siku za mvua tu. Baada ya miezi saba nilikuwa na karibu laki nne, na kusema kweli nilijisikia vizuri sana.

Siku moja mama mkubwa akapiga simu. Mwanaye amelazwa, hela ya vipimo imepungua elfu sitini. Nikamjibu, "Mama, huku hali ngumu, sina hata mia." Nasema hivyo nimekaa kitandani, kibubu kiko chini yangu. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu atasaidia." Basi. Hakulalamika.

Wanajumuiya wake wakachanga. Mmoja wao ni mama anayeuza maandazi. Mtoto akapona. Mimi nikanunua cherehani, lakini siku ya kwanza nilipoikalia, ile furaha niliyoisubiri miezi saba haikuja.

Je, kuweka akiba ni kosa? Hapana. Kitabu cha Mithali, sura ya 6, kinatutuma kwa chungu tukajifunze kujiandaa. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitaka mfanyakazi alipwe ujira wa kumtosha yeye na familia yake, ili akijibana aweze kubakiza akiba kidogo. Kwa hiyo anayemaliza mshahara tarehe tano na kuanza kukopa nauli asijidai ni maskini wa roho. Hana mpango tu.

Ila linganisha watu wawili. Yosefu kule Misri (Mwanzo 41) alikusanya nafaka miaka saba ya neema. Tajiri wa Luka 12 naye alitaka ghala kubwa zaidi. Wote wawili waliweka akiba. Lakini yule tajiri, msome vizuri, anaongea na nani? Na nafsi yake tu. Hakuna mke, jirani wala mfanyakazi katika mipango yake. Ghala la Yosefu lilikuwa na mlango, na njaa ilipokuja ukafunguliwa. Kibubu changu kilikuwa na tundu la kuingizia tu.

Utaniuliza, "Sasa nikimpa kila anayepiga simu, nitafika lini?" Swali zuri. Si lazima umpe kila mtu, na si lazima utoe zote. Ningeweza kusema, "Mama, nina hela ya cherehani, naweza kutoa elfu ishirini." Cherehani ingechelewa siku kumi. Siku kumi tu! Lakini sikufika hata kwenye kufikiri, maana hela ilishajibu kabla yangu. Hapo ndipo nilipojua nani bosi.

Nilikwenda kuungama. Halafu nikaenda kwa mama mkubwa, nikamwambia ukweli. Akanitazama, akasema, "Nilijua, mwanangu. Sauti yako siijui?" Akanipakulia chakula. Nakwambia, ugali ule ulinipa raha kuliko cherehani.

Siku hizi bado naweka akiba, na nina mpango wa cherehani ya pili. Ila pembeni nina kopo dogo la dharura za watu. Halijai kamwe, na nimeshazoea.

Tafakari: akiba yako ina mlango? Na mara ya mwisho uliposema "sina", ulikuwa huna kweli?

Tusali: Ee Bwana, utufundishe kutunza bila kuogopa na kutoa bila kusukumwa. Hela zetu zikutumikie wewe na jirani zetu. Amina.