Ankara Iliyobeba Deni la Mwingine

Fundi mmoja wa programu, mtumiaji wa Emacs wa siku nyingi, aliombwa na mwenye duka la vipuri vya pikipiki amtengenezee kitu cha kutoa ankara. Akakiandika kwa Emacs Lisp, lahaja ya Lisp inayoendesha kihariri ambacho Richard Stallman alianza kukisambaza mwaka 1985. Kiini cha kazi yote kilikuwa mstari huu:

(nconc '("ANKARA") bidhaa)

Yaani, chukua kichwa cha karatasi, kiunganishe na vitu alivyonunua mteja. Akajaribu, ikatoka safi. Akagusa hapa na pale, akaipakia upya funksheni, akajaribu tena, safi. Siku ya kazi mteja wa kwanza akaondoka na ankara ya plagi na cheni. Wa pili, aliyechukua kioo cha pembeni tu, akakabidhiwa karatasi yenye plagi, cheni na kioo. Ugomvi wake ulisikika mpaka barabarani.

Kosa lilikaa kwenye kile kialama cha nukuu. Orodha iliyonukuliwa haiundwi upya kila funksheni inapoitwa. Huundwa mara moja tu, msimbo unaposomwa, na kila mwito hupewa orodha ileile. Nayo nconc hainakili kitu. Huiendea seli ya mwisho ya orodha ya kwanza na kuifungia orodha ya pili, kama behewa linavyofungwa nyuma ya jingine. Kwa hiyo bidhaa za mteja wa kwanza zilikwisha kuwa mkia wa kichwa cha ankara, na za wa pili zikafungwa nyuma yake. Akitaka nakala ya pili ya ankara ileile ndio balaa zaidi: mkia unafungwa kwenye mwanzo wake wenyewe, orodha inakuwa duara, na programu inaandika bila kikomo.

Na kwa nini majaribio hayakulifichua? Kwa sababu kila alipoipakia upya funksheni, nukuu ilisomwa upya, na kichwa kikarudi kuwa kitupu. Alikuwa akifuta ushahidi kwa mkono wake bila kujua.

Angesoma mwongozo wa Emacs Lisp angeukuta mtego huu umeelezwa, tena kwa nconc hiyohiyo. Hata kiwango cha Common Lisp cha mwaka 1994 kinasema kwamba anayebadilisha data iliyoandikwa ndani ya msimbo hana uhakika wa kitakachotokea. Yeye akatafuta njia ya mkato: Emacs ifungwe na kufunguliwa baada ya kila mteja. Ikafaa, kwa namna fulani.

Februari 2025 likatoka toleo la 30.1. Kompaila yake iliongezewa macho: sasa huonya pale msimbo unapojaribu kubadilisha kisichobadilika, iwe ni kwa setcar, aset au nconc. Fundi akalisakinisha, akakompaili faili lake, akaonywa juu ya mstari uleule. Akakasirika. Toleo jipya limeharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi, ndivyo alivyomwambia mwenye duka, na mwenye duka, asiyejua kompaila ni nini, akamwamini.

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa: (cons "ANKARA" bidhaa), ambayo huunda seli mpya kila mara na haigusi orodha ya mtu. Lakini yeye hakutaka dawa, alitaka kimya. Akaitoa orodha kwenye ule mstari, akaihifadhi katika kigeu kwa defvar, ikiwa na nukuu yake vilevile, kisha akaipa nconc jina la kigeu. Onyo likatoweka, maana kompaila hukamata yale ya wazi tu na haifuatilii kila kigeu kilikotoka.

Alipoona skrini haina onyo, akaamini hitilafu imekwisha, akaacha na ule utaratibu wa kufunga na kufungua Emacs. Jioni hiyo mteja wa mwisho, aliyefuata nati moja, alipewa ankara ya mauzo ya kutwa nzima.